Kibuyu cha Kombe Kilichonipeleka Kibiti

Mmekuja kuniuliza mmoja mmoja, kisimani, shambani, hata msibani, na kila nikifika katikati ya habari anaingia mwingine, "Binti Athumani, hebu anza upya." Nimechoka kuanza upya. Nimekaa chini na kalamu ya mwanzi, nimeandika kwa herufi zile zile alizonifundisha baba, na anayejua kusoma awasomee wasiojua. Ruhusa ya njia niliipataje na nauli nilitoa wapi, msiniulize. Hayo hayana utamu.

Seifu mwanangu mnamjua. Mkewe Mwajuma alirudi kwao Kibiti kujifungua, maana mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Mimi nikamwandikia kombe la kumrahisishia. Niliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, nikaziosha kwa maji, nikayatia maji yale kibuyuni, nikafunga mdomo kwa kitambaa. Mja mzito angeyanywa uchungu ukianza. Mkono ulioandika ni huu huu. Seifu akaondoka nacho.

Sasa, vita vya maji, yale maji ya dawa ya kuzuia risasi, vilikuwa vimeshawaka kule milimani, na askari wa Mdachi walikuwa wakiona mtu na kibuyu wanaona adui. Wakamkamata karibu na Kibiti. Wakamuuliza kilichomo. Akasema kweli, "Ni Kurani." Mkalimani wao, mtu asiyejua desturi yetu hii, akawaambia huyu anawadhihaki, kitabu hakikai kibuyuni, hii ndiyo dawa ya vita yenyewe. Seifu akatiwa mnyororo wa shingo pamoja na wengine, wakangojea bwana mkubwa wa Kidachi apone homa awahukumu. Na hukumu ya maji ilikuwa moja tu, kamba.

Habari zilipofika, mwalimu wa chuo alinikuta nafunga mzigo.

"Binti Athumani, unakwenda kufanya nini? Wale askari ni Wasudani. Lugha yao Kiarabu."

"Kiarabu ninacho."

Akacheka mbele ya watu. "Kiarabu gani? Kurani yako ni ya kusomea maiti. Haizungumzi na mtu hai."

Nilikaza kamba ya mzigo. Nilikuwa na haraka. Jibu lake nililiacha likae kiporo.

Toka kwetu mpaka Nyamisati

Mtani wangu Mbonde ndiye aliyekubali kunivusha na mtumbwi wake, wengine wote walikuwa na kazi ghafla. Tulianza vizuri. Kisha mtani akaona njia ya mkato kati ya mikoko, na njia ya mkato ikatuweka juu ya tope, maji yakatoka chini yetu yakaenda zake baharini. Tukabaki pale kama kuku aliyeatamia.

"Ungekuwa mwepesi tungepita," akasema. "Ni mwili huo, mtani. Umejaa wali."

"Wajukuu zangu sita wananilimia wali wa kunijaza. Wewe wako wanakulisha nini mpaka umebaki mbavu?"

Tukala wali wa jana na kaa. Tukafukuza mbu. Jua likapanda, likatelemka, na maji hayana habari nasi. Mimi nikaanza kuchambua Kurani kichwani. Baba yangu hakunifundisha kama kasuku. Mchana tulilima pamoja, na kila neno alinipa maana yake juu ya jembe: *maa* ni maji, *bait* nyumba, *yaum* siku, *maut* mauti, *qalb* moyo, *lauh* ubao. Miaka mitatu tu, kisha nikaolewa. Sasa nilikuwa nayakusanya yale maneno moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

Mbonde akasikia midomo yangu inacheza. "Unanisomea hitima?"

"Bado. Sijaona pilau yako."

Maji yalirudi alasiri. Akanishusha Nyamisati, akakataa kunitazama usoni. "Mlete huyo kijana," akasema. "Ana jembe langu."

Nyamisati mpaka Bungu

Siku mbili kwa miguu, mchanga unaunguza nyayo. Nilipita vijiji vizima havina mtu, majivu ya jikoni yamepoa, kuku wanatembea ndani ya nyumba kama wenyewe. Mama mmoja alitokea nyuma ya ghala lake akanipa muhogo wa kuchemsha, wa moto, na chumvi juu. Nikamuomba maji.

"Muhogo nimekupa, bibi. Maji siwezi. Siku hizi kumpa mtu maji ni kesi."

Akageuza uso. Lakini alinionyesha kwa kidevu mtungi ulipokuwa, akaingia ndani akafunga mlango. Nikanywa maji ambayo hakunipa.

Bungu walikuwepo askari njiani. Mmoja akaninyooshea bunduki akasema jambo kwa Kiarabu. Nikajiweka sawa, nikakohoa, nikamsemesha kama Kurani inavyosemesha watu: *yaa ayyuha*, enyi nyinyi, mimi ni mwanamke mwenye kutafuta njia. Nikayavuta maneno na mad zake zote, kila herufi ya kuvutwa nikaivuta, kama mbele ya baba.

Yule askari alishusha bunduki. Mwenzake aliinua mikono kama anaitikia dua. Kisha wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nimekuja kuelewa baadaye. Hebu fikiri uko jikoni, anaingia mtu kuomba chumvi anazungumza kama Nabii Nuhu anaonya kaumu yake.

Mwanamke mmoja alitoka nyuma ya kibanda, mikono imejaa unga, akawafokea wote wakanyamaza. Jina lake Zenabu, mke wa askari, ametoka naye huko kwao Sudani.

"Njia imefungwa, ya haja," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Wapagazi wa chakula wakienda Kibiti, wewe nyuma yao."

"Sijafika Maka, usiniite haja. Lini?"

"Anajua Mungu. Wewe unajua kusaga?"

Nililiona ni tusi. Mwanamke wa Rufiji anaulizwa kama anajua kusaga. Nikamnyang'anya jiwe.

Bungu, kwenye jiwe la Zenabu

Nilikaa pale siku tatu, na moyo wangu ulikuwa Kibiti. Tulisaga mtama, ukachachushwa, ukapikwa mkate mwembamba kama kitambaa cha kilemba. Unachovya kwenye mchuzi wa bamia kavu unaoteleza. Akanitazama ninavyokula, anangoja nishangae. Nikamwambia mlenda huu hata sisi tunao, na wetu una samaki.

Akisema *moya*, anaelekeza mtungi. Nikamwambia chuoni kwetu ni *maa*.

"Maa!" akacheka. "Hiyo ya faki, ya mwalimu. Mimi moya."

Nyumba akaiita *bet*. Siku akaiita *yom*. Usiku, ambao baba alinifundisha *lail*, yeye *lel*. Mwanzo niliona huyu anaharibu maneno ya Mungu, na nilitaka kumsahihisha. Nikajizuia, nikasaga, nikasikiliza. Ndipo nikaona. Nyie mnaolima mpunga mtanielewa upesi. Kiarabu cha kitabuni ni mpunga, una kumvi zake zote na ncha zake zinazochoma. Chao ni mchele. Wameutwanga midomoni mwao miaka na miaka, ncha za mwisho zimekatika, *bait* limelainika likawa *bet*, lakini punje ni ile ile. Mtu anayeujua mpunga hahitaji kuambiwa mchele ni kitu gani.

Siku ya pili nikamjaribu. "Kitabuni mauti ni *maut*. Kwenu ni *mot*?"

"Ndiyo."

"Na moyo ni *galb*, si *qalb*? Maana kila *qaf* nyinyi mnaigeuza *ga*."

Aliacha kusaga. "Hilo sijakuambia. Nani kakufundisha?"

"Baba yangu kanipa mpunga. Wewe umenipa mchi."

Si kwamba yote yaliingia. Akasema *shuf*, tazama. Nikamuuliza hilo liko sura gani. "Sura ya sokoni, ya haja." Ya sokoni ilibidi niyameze makavu. Na mengine yamebadili kazi: *bukra* mimi naijua ni asubuhi, wao wanasema *bukra* wana maana ya kesho. Lakini kwa kila neno nililojifunza kwa jasho, matatu yalikuja yenyewe na kubisha hodi.

Siku ya tatu nilikuwa nachambua mtama, askari wamekaa kivulini wanasemezana. Hawakunijali, nani amjali bibi wa jiweni. Nikasikia Kibiti. Nikasikia bwana mkubwa anakunywa uji sasa. Nikasikia *yom juma*, siku ya Ijumaa, na neno la mwisho likawa *mot*.

Mtama ukanimwagika. Zenabu akauliza, nami nikamwambia yote, mwanangu, kibuyu, sahani, zafarani. Mungu anisamehe, nilisema pia kwamba tangu nimeondoka nyumbani naomba homa ya yule Mdachi izidi kidogo.

Zenabu hakucheka. "Maji yaliyoosha maandishi? Hiyo *mihaya*. Kwetu kila mtoto amekunywa. Faki anaosha *loh*, mtoto anakunywa."

"Lauh," nikasema. "Ubao."

"Loh. Shaushi, msimamizi wa askari wa Kibiti, ni mtu wa kwetu. Wakati bwana anaumwa, yeye ndiye mkubwa. Mwambie hivi: *di ma dawa, di mihaya, moyat loh*. Hii si dawa, hii ni mihaya, maji ya ubao." Akanirudisha mwanzoni tena na tena mpaka ulimi ukakaa. Kisha akanishika kidevu. "Na usimsemeshe kama mtume, ya haja. Msemeshe kama mama yake."

Mchukwi

Wapagazi wakaondoka Jumatano, nami nyuma yao. Mchukwi tulipumzika, nikaenda kisimani kwa wanawake kutafuta salamu ya nyumbani. Nilipofika wakajitenga nami.

"Bibi unanuka chakula cha askari," akasema mmoja.

"Kaolewa na bunduki uzeeni," akasema mwingine, na wote wakaangua kicheko.

"Nakwenda Kibiti kumtoa mwanangu kwenye mnyororo," nikasema. "Mwenye mtu wake kule anyanyuke twende. Kama hakuna, nipisheni ninawe."

Hakunyanyuka mtu. Nilipokuwa najitwika mzigo, mmoja wa makamo akanifuata mpaka njiani. "Mume wangu yuko kule. Mkumba, ana kovu kwenye nyusi. Mwambie mbuzi amezaa mapacha." Akarudi mbio kabla sijamjibu.

Kibiti

Tuliingia Alhamisi jua likiwa kichwani. Sikwenda kwa wakwe. Nilikwenda moja kwa moja kambini na vumbi langu.

Seifu alikuwa kwenye kibanda cha kuni, mnyororo shingoni, wenzake kulia na kushoto. Akaniona akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. "Mama, niliwaambia kweli."

"Najua. Nyamaza." Nikawatazama wengine, nikamwona wa kovu. "Mkumba, mbuzi wako amezaa mapacha."

Yule mtu akacheka kicheko cha mtu aliye nyumbani kwake. "Majike?"

Sikujua. Nikamwambia majike.

Mkalimani akaja, kofia imemkaa pembeni. "Bibi, toka hapa. Kesi ya huyu imekwisha."

"Sikuja kwako."

Shaushi alikuwa amekaa juu ya sanduku la risasi, mtu mzima, ndevu zina mvi, mashavuni ana chale tatu tatu. Vibuyu vya watu vilikuwa vimepangwa mbele yake. Changu nilikitambua kwa kitambaa. Nilimpita mkalimani, nikasimama mbele ya shaushi. Nikakung'uta vumbi la kanga. Nikasema taratibu, kama mtu anayemwamsha mwanawe, "*Ya waladi*, mwanangu. *Di ma dawa. Di mihaya, moyat loh.*"

Mkalimani akafungua mdomo. Shaushi akainua kidole, ukafungwa.

"Mihaya?" akasema.

Akakichukua kibuyu, akafungua kitambaa, akanusa. Zafarani ile ilikuwa ya haki, nilikuwa nimeihifadhi tangu harusi. Alifumba macho. Kisha akauliza kwa Kiarabu nani ameandika.

"Mimi."

"Mwanamke?"

"Mwanamke. *Hat loh*, lete ubao."

Akaletewa sinia la mbao. Wino hapakuwa. Nikakwangua masizi ya sufuria yao, nikachanganya na maji na utomvu, nikachonga kijiti. Nikaandika pale pale, kambi nzima imenizunguka, aya zile zile nilizomwandikia Mwajuma, kuanzia ya kwanza. Niliona midomo ya shaushi inanifuata mstari kwa mstari. Nilipomaliza akaosha sinia kwa mkono wake, akanipa nusu, nikanywa, uchungu wa masizi na yote. Nusu akanywa yeye.

"Unajua Kiarabu," akasema.

"Najua cha Mungu. Chenu nimekiokota njiani."

Akamfungua Seifu. Nikadhani yamekwisha, nikanyoosha mkono nichukue kibuyu. Akakivuta kwake. Akamgeukia mwenzake, akasema upesi upesi kwa ile lugha yao ya sokoni, akijua bibi wa Kurani hatashika. Nikashika. Alisema *bukra* Mtawanya, *harig*, kisha milimani. *Harig* nililijua hata bila *qaf* yake. Baba alinifundisha neno hilo kwenye aya za adhabu, moto unaounguza. Kesho watatia moto Mtawanya, kijiji cha jirani, kisha wapande milimani kwenye vita. Na akainua kibuyu cha mkwe wangu akakinywa chote mpaka tone la mwisho, akajipangusa ndevu, akajipaka lililobaki kifuani.

Nilimtazama. Aliyekuwa tayari kuwanyonga watu kwa ajili ya maji, anakwenda vitani amekunywa maji. Wao wakinywa ni dini. Sisi tukinywa ni kamba.

"Na hawa wengine?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia nikae, niwe mkalimani wake, huyu wake ni mpumbavu, nitakula vizuri na nitapewa kitambaa.

"Ulimi huu una kazi nyumbani," nikasema. Nikamshika Seifu mkono, na sikugeuka nyuma, kwa sababu ya Mkumba.

Mtawanya na kurudi

Seifu alitaka kukimbilia kwa mkewe. Nikamwambia mkeo ana mama yake, twende Mtawanya kwanza.

"Mama, tumetoka sasa hivi."

"Ndiyo maana tuna miguu."

Mtawanya walikuwa wanapeta mtama, hawana habari. Nikawaambia kesho moto. Mzee mmoja akaniuliza nimejuaje, nikamwambia wamesema mbele yangu. Akaniuliza tena lugha gani, nikamwambia babu, utauliza ukiwa porini. Akamtazama Seifu, shingo imechubuka mnyororo, akaacha maswali. Mpaka jua linazama maghala yalikuwa matupu, nafaka imeingia vichakani, mbuzi pia. Kesho yake moshi tuliuona tukiwa Kibiti. Makuti yaliungua. Mtu hakuungua.

Ijumaa ile ile, wakati tunajua kinachofanyika kambini na hakuna aliyetaka kukitaja, Mwajuma alishikwa na uchungu. Sikuwa na zafarani. Nikaandika kwa masizi kwenye sahani ya mkwewe Seifu, akanywa, akakunja uso, akazaa kabla ya adhuhuri. Mtoto wa kike. Tulivyorudi tulipita Mchukwi, nikamtafuta yule mama wa mbuzi. Hakuniuliza kitu. Nilimwambia alicheka. Nilimwambia aliuliza kama ni majike.

"Ni majike," akasema.

Basi, hiyo ndiyo safari. Siku niliyofika, mwalimu alikuja na watu wake kunipa pole, akakaa, akanywa kahawa yangu, akasema, "Tumesikia umezungumza na Wasudani. Kiarabu chenyewe umekipata wapi?"

Jibu lilikuwa limekaa kiporo tangu siku ile, nikalipasha moto.

"Ni kile kile cha kusomea maiti, mwalimu. Nimemsomea aliye hai, na huyo amekaa mlangoni anakupokea kikombe."

Seifu akapokea kikombe. Mwalimu akatafuta viatu vyake.

Mjukuu wangu wa saba nimeshamchongea ubao. Bado hajui kukaa, lakini ubao unangoja, na hao sita wameanza, wasichana na wavulana, neno na maana yake, juu ya jembe. Mwenye binti amlete. Aje na ubao wake, wino ninao.